Joto la Jirani

Siku mtandao ulipokatika mji mzima, Taratibu alikuwa miongoni mwa watu waliolalamika kwa sauti.

Walikuwa wanatoka mazishini, yeye, mke wake na mama yake mzazi, viatu vimejaa udongo na matumbo yananguruma. Walipita dukani kununua mkate. Mke wake akatoa simu alipe, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena.

"Usijisumbue, shemeji," mwenye duka alimwambia. "Tangu adhuhuri hakuna kinachokwenda. Simu hazilipi, benki zimefunga milango, hata hospitalini wanaandika wagonjwa kwa kalamu. Chukua mkate tu, mambo yakitengemaa tutaonana."

"Hawa watu wa mitandao hawa," Taratibu alisema huku akitikisa kichwa. "Wangekuwa na utaratibu kidogo tu, haya yasingetokea. Mtu umepewa mitambo uitunze, si uitunze?"

Mwenye duka akacheka, kwa sababu maneno hayo ndiyo yaliyompa Taratibu jina lake. Huyu bwana alikuwa haondoki nyumbani kabla hajaizunguka nyumba yote: taa, bomba, madirisha, jiko. Mifuko ya plastiki aliikunja pembetatu akaipanga kwenye droo. Mke wake, ambaye ni dobi, alikuwa akiwaambia watu kwamba nyumba ikishika moto mumewe atapanga viatu kwanza ndipo akimbie. Aliyasema hayo kwa utani, lakini pia alijua kwamba bila mikono ile yenye utaratibu wasingeweza kufua mashuka ya hospitali nzima na kuyarudisha yote, hata foronya moja isipotee.

Walipokata kona ya kwao walikuta watu mlangoni. Meneja wa jengo la kompyuta alikuwa amesimama kwenye ngazi yao na walinzi wawili, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Pembeni yake alikuwepo fundi wa mitambo, mikono yote miwili kichwani.

Jengo lenyewe lilikuwa jirani yao wa ukutani, refu, halina dirisha hata moja. Ndani, walivyoambiwa, mlikuwa na kompyuta zilizopangwa makabatini kutoka sakafuni hadi darini, zikitunza mambo ya benki, ya simu, ya hospitali na ya watu wote. Kompyuta hizo zilitoa joto mchana na usiku. Joto hilo lilibebwa na maji ndani ya bomba, ukuta ukatobolewa na bomba likapitishwa hadi kwa dobi, likazungushwa kwenye rejeta kubwa kama za malori, na feni ikalipuliza juu ya kamba za nguo. Shuka lililokuwa likikaa na unyevu siku nzima, sasa lilikauka kabla dobi hajamaliza kukamua la pili. Katika mji ule wenye ukungu na mvua zisizoisha, hilo ndilo lililowafanya wapate kazi ya hospitali.

"Nani amefunga koki?" Meneja aliuliza. Hakusalimia.

"Mimi," alisema Taratibu. Alisema kwa sauti ya mtu anayetarajia kupewa asante. "Leo tulikuwa na msiba, chumba kilikuwa kitupu, hakuna hata soksi kwenye kamba. Nikaona si adabu kuacha joto la watu lipotee bure. Nikaifunga vizuri mpaka mwisho."

Fundi akafumba macho.

"Mpaka mwisho," Meneja alirudia.

"Mpaka mwisho kabisa. Haivuji hata tone."

Mama yake Taratibu, ambaye majirani wote walimwita Bibi, akatikisa kichwa kuunga mkono. Yeye ndiye aliyemlea hivyo. Walikuwa wapangaji maisha yao yote, katika nyumba ambazo mwenye nyumba alipita na kuhesabu balbu zinazowaka, na alimfundisha mwanawe kwamba kitu cha mtu ukimaliza kukitumia unakizima mwenyewe kabla hajaja kukuzimia.

Ilibidi Fundi ndiye aeleze. Alieleza kwa upole, akichora kwa kidole hewani. Maji yanatoka kwao yakiwa ya moto, yanapita kwa dobi, yanaacha joto kwenye mashuka, yanarudi kwao yakiwa yamepoa ili yakachukue joto jingine. Ni mzunguko mmoja. Ukifunga huku, na kule yamesimama. Yakisimama, kompyuta zinachemka, na zikichemka zinajizima zenyewe zisiungue.

"Zimejizima zote, mzee," alimalizia.

Taratibu aliutazama mkate aliokuwa ameushika. Ilimchukua muda kuunganisha mambo: simu ya mke wake, benki, wagonjwa wanaoandikwa kwa kalamu.

"Mtandao wote ule ni mimi?" aliuliza.

Mke wake ndiye aliyeuliza swali la pili, akimtazama Fundi. "Na kabla hamjatuletea hilo joto, hayo maji mlikuwa mnayapoza na nini?"

"Kulikuwa na mafeni juu ya paa," Fundi alianza.

"Fundi," Meneja alimkatiza. "Fungeni hii kitu tuondoke."

Wakaingia chumba cha kukaushia bila kukaribishwa, na viatu vyao. Fundi akaunganisha bomba lirudi upande wao, akaiacha koki ya dobi imefungwa kama alivyoikuta, na mlinzi akaizungushia mnyororo na kufuli. Dobi alisimama kando akiwatazama wakikanyaga sakafu aliyokuwa akiipiga deki kila asubuhi ili mashuka ya wazazi na vichanga yasiguse uchafu, na walipotoka akaipiga deki upya.

*

Kesho yake mvua ilianza mapema na haikuwa na haraka ya kwisha.

Mashuka yaliyokwisha kufuliwa hayawezi kusubiri. Dobi akafunga kamba sebuleni, akafunga korido, akafunga chumbani. Bibi akalala chini ya mashuka mawili ya wodi ya wazazi yaliyokuwa yakimdondokea usoni, akasema sasa anajua mihogo iliyolowekwa inavyojisikia. Walicheka kidogo. Baadaye ukuta ukaanza kutoa harufu ya ukungu, na mashuka nayo yakaishika harufu ile, ikabidi yafuliwe upya.

Upande wa pili, jengo la kompyuta lilikuwa limekodi mashine za kupoza. Ziliwekwa uani, karibu na uzio, zikinguruma mchana kutwa na kutupa hewa ya moto barabarani. Wapita njia walisimama pale kuota joto. Paka wa mtaa mzima walihamia.

Dobi alivumilia mpaka akashindwa. Akajaza foronya kwenye beseni, akalizunguka jengo, akaanza kuzianika kwenye uzio mahali ile hewa ilipopiga. Zilikuwa zimeanza kupepea mlinzi alipokuja. Alikuwa kijana aliyezoea kunywa chai kwao.

"Mama, usiniweke matatani," alisema akitazama chini.

"Hewa hii ni ya nani, mwanangu? Si mmeitupa?"

"Nimeambiwa mtu yeyote asitumie. Hasa nyinyi. Naomba, mama."

Dobi akazianua moja moja. Watu waliokuwa wakiota moto wakageuza nyuso, wengine kwa huruma, wengine kwa kutaka kuona vizuri. Mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, si kwa siri sana, "Huyo ndiye mke wa yule mlevi aliyezima mitambo."

Dobi alisikia. Hakuelewa. Mlevi gani?

Alielewa aliporudi nyumbani. Bibi alikuwa amemkalisha Taratibu kwenye kigoda, amemshika taya, ananusa kinywa chake.

"Pumua tena," alikuwa akimwambia.

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Nimesema pumua. Mtaa mzima unasema ulikuwa chakari. Mimi nilikuwa na wewe mazishini, lakini nilikaa upande wa wanawake, sikukuona ulipokuwa."

"Nilikuwa nabeba jeneza, mama."

Bibi akanusa kwa mara ya mwisho, akamwachia. "Vitunguu," alimwambia mkwewe, na machozi yakamtoka ghafla mzee wa watu, kwa sababu alimwamini mwanawe na bado alikuwa amemnusa.

*

Aliyeeneza habari ile hawakuhitaji kumtafuta. Alikuja mwenyewe jioni hiyohiyo, na safari hii alibisha hodi. Meneja aliinamia shuka lililoning'inia mlangoni, akaketi pale alipoonyeshwa, akakataa chai, kisha akaikubali.

Siku zote alikuwa mtu wa kuja na wageni. Aliwaleta na kamera zao, akawaonyesha zile rejeta, akasema, "Hawa ndio majirani zetu tunaowasaidia," na dobi akatakiwa asimame mbele na kushukuru, kila wageni na shukrani zao. Mashati yake nayo yalifuliwa hapo, na kwa sababu joto lilikuwa la bure ilionekana dhahiri kwa kila mtu, dobi akiwemo, kwamba mashati yafuliwe bure. Leo alikuwa peke yake na alionekana hajalala.

"Niwe mkweli kwenu," alisema. "Mkuu anakuja kutoka makao makuu, pamoja na mtu wa bima. Hasara ni kubwa. Bima inalipa kama mtu wa nje ameharibu mitambo. Kama ni uzembe wa ndani, hailipi, na mimi kazi sina."

"Sasa sisi tunaingiaje hapo?" dobi aliuliza.

"Mzee aseme alikuwa amelewa. Alilewa, akaingia, akachezea koki. Basi. Hashtakiwi, nawahakikishia, nitamwombea mimi mwenyewe. Mtu mlevi husamehewa. Na asubuhi yake natoa ule mnyororo, mnaendelea na mashuka yenu."

"Umeshawaambia watu hivyo tayari," dobi alisema.

Meneja alizungusha kikombe mkononi. "Nina watoto, mama."

Hakuwa mtu mbaya sana, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Mtu mbaya wangemtoa nje na chai yake. Huyu alikaa mbele yao, maji ya shuka yakimdondokea begani, akiomba.

"Sawa," Taratibu alisema.

Mke wake akageuka kumtazama.

"Sawa," alirudia. "Nitasema."

Meneja alipoondoka, walikaa wakikunja mashuka yaliyokuwa yamekauka kwa kiasi cha kukunjika, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile, wakikutana katikati na kuachana, kama walivyofanya miaka yote ya ndoa yao.

"Hujawahi hata kuonja," dobi alisema.

"Sasa ndiyo nitaonja, kwa mdomo tu."

"Usinifanyie mzaha, baba watoto."

"Sifanyi mzaha. Mkono huu ndio uliofunga. Hospitali wakichukua mashuka yao tutakula nini? Mwanetu kule shuleni atakula nini? Wakiniita mlevi, nitapungua kilo? Watu watasema, watachoka."

"Na mama je?"

Bibi alikuwa amejilaza kitandani kwake, uso ameugeuzia ukutani, na wote wawili walijua hajalala.

*

Chumba cha mikutano kilikuwa na baridi kali ya mashine. Dobi alijifunika kanga vizuri, akajiuliza mtu anayetupa joto lote lile nje anawezaje kukaa kwenye baridi namna hii kwa hiari yake.

Mkuu alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani aliyoivaa na kuivua. Mtu wa bima alikaa pembeni, begi magotini. Meneja aliwatambulisha dobi na mumewe kama kawaida: "Hawa ndio majirani zetu tunaowasaidia." Fundi alikuwepo pia, amesimama karibu na mlango, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

"Karibu, mzee," Mkuu alisema. "Tueleze ilivyokuwa."

Taratibu alisimama. Alikuwa amevaa suruali ya mazishini, imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. "Nilikuwa nimelewa," alisema.

"Ulikunywa nini?" mtu wa bima aliuliza.

Hilo hakulitegemea. "Pombe."

"Pombe gani?"

"Ile ya chupa."

"Chupa ngapi?"

"Moja," Taratibu alisema, akaona uso wa Meneja, akaongeza haraka, "Nyingi. Moja, kisha nyingine nyingi."

"Ulinunua wapi, na ulikuwa mazishini?"

Taratibu alitokwa na jasho katika baridi ile. Alikuwa hajui kudanganya, na uongo ule ulimbana kama shati la mdogo wake. Mke wake alimtazama na moyo ukamuuma kuliko siku ile walinzi walipokanyaga sakafu yake. Aliona mtu aliyeishi maisha yake yote bila kumsumbua mwenye nyumba yeyote, anajichafua mbele ya watu wasiomjua, na hata kujichafua hawezi.

Mkuu akavua miwani. "Mama, wewe ndiye mke wake. Ni kweli?"

Meneja alimtazama dobi. Hakumtisha. Alimtazama tu kama alivyomtazama juu ya kikombe cha chai. Neno moja, ndiyo, na mnyororo ungetoka. Dobi aliyafikiria mashuka yaliyorundikana kwenye mabeseni, akamfikiria mtunza stoo wa hospitali ambaye tayari alikuwa amepiga simu mara mbili. Alifungua mdomo bila kujua litatoka lipi.

"Si kweli," alisema. "Huyu pombe haijui hata harufu yake. Siku ile alikuwa na akili zake zote."

"Mke wangu," Taratibu alisema kwa sauti ya chini.

"Alifunga kwa sababu alidhani anawatendea wema."

"Wema?" Mkuu aliuliza.

"Ndiyo, mama. Tuliambiwa lile joto ni msaada. Wageni wakija nasimama mbele nashukuru msaada. Sasa mtu aliyesaidiwa, akiwa hana matumizi na kile alichopewa, si anakifunga, asije akaonekana anafuja mali ya watu? Hakuna hata mtu mmoja aliyetuambia kwamba sisi tunawapozea maji. Tungeambiwa, tusingetoka wote. Mmoja angebaki, hata kama ni msiba."

Mtu wa bima aliacha kuandika.

Mkuu akamgeukia Meneja. "Na mafeni ya juu ya paa? Koki ikifungwa, si yanawaka yenyewe?"

"Tuliyazima," Meneja alisema. "Joto lote lilikuwa linaishia kwa dobi, na umeme ulipungua sana. Mlinipongeza kwa hilo. Siku ile tulipojaribu kuyawasha, mengi yalikuwa yameshika kutu."

"Kwa hiyo benki, simu na hospitali za mji huu," Mkuu alisema polepole, "tumeziegemeza kwenye chumba cha kukaushia mashuka. Na wenye chumba hawajui."

Meneja aliinamisha kichwa. Mtu wa bima akafunga begi lake.

"Asanteni kwa kuja," Mkuu aliwaambia dobi na mumewe.

Dobi alisimama, lakini hakuondoka. "Na joto letu?"

"Tutawajulisha."

*

Walirudi nyumbani kwa mwendo mrefu, ingawa nyumba ilikuwa ukuta wa pili, maana ilibidi kulizunguka jengo lote. Katikati ya njia Taratibu akasimama kwenye manyunyu.

"Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuwapa," alisema. "Kosa ni langu, nikasema acha na mimi nilipe. Wewe ukakikataa mbele ya watu."

"Ulikuwa unatoa jina lako."

"Ni langu. Si nilitoe nikitaka?"

"Si lako peke yako. Mimi nikipita naitwa mke wa nani? Mtoto wetu akiulizwa babako nani, atasema nini?" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Na mama amekunusa, baba watoto. Mama yako mwenyewe. Hilo ndilo ulilotaka niseme ni kweli?"

Mumewe akaendelea kutembea mbele yake, akakwepa madimbwi moja moja, viatu visiloe.

Siku zilizofuata hawakununiana, lakini hawakuongea sana pia. Taratibu alimkunjia mkewe ncha yake ya shuka, akampa, akachukua jingine. Mvua iliendelea. Hospitali wakapeleka nusu ya mashuka kwa dobi mwingine upande wa pili wa mji, na mtunza stoo akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba hali ikiwa hivi, na nusu iliyobaki itafuata. Dukani watu waliendelea kumwita Taratibu mlevi wa kompyuta. Alipowaambia hakuwa amelewa walicheka zaidi, kwa sababu ndivyo walevi wote wasemavyo. Dobi alijiuliza zaidi ya mara moja kama hakuwa amevikosa vyote viwili, joto na jina, kwa sentensi moja ya kujitakia. Aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia isipokuwa yule aliyekwisha kumkasirikia.

*

Fundi alikuja asubuhi moja jua lilipotoka kwa mara ya kwanza. Kule uani zile mashine za kukodi zilikuwa zikinguruma kupita kiasi, na moja ilikuwa imenyamaza kabisa. Alikuja na mkasi mkubwa wa kukatia chuma na karatasi kwenye bahasha ya plastiki.

"Hodi wenyewe," aliita, akasubiri mpaka akakaribishwa, akavua viatu kabla hajakanyaga sakafu.

Bibi alitoka chumbani kusikiliza. Taratibu alikuwa kwenye kona, amepiga magoti, anapanga vibanio.

"Meneja amehamishwa," Fundi alisema. "Mafeni ya paani yanatengenezwa yote, kama akiba. Lakini makao makuu wanataka maji yaendelee kupita kwenu, na safari hii si msaada. Ni mkataba. Wao wanaleta maji ya moto, nyinyi mnayarudisha yamepoa, na umeme wa feni yenu wanalipa wao kwa sababu mnawafanyia kazi."

Dobi alikaa kwenye ukingo wa beseni.

"Kuna sharti moja," Fundi aliendelea. "Wanataka mtu mmoja wa kuwajibika na koki. Awe anapatikana saa zote, ajibu simu, na asiifunge mpaka ameongea na mimi. Nimetumwa niandike jina lake. Wamesema mchague yeyote mnayemtaka." Alishusha sauti, ingawa chumba kilikuwa kidogo na hakuna asiyemsikia. "Ila asiwe mzee. Samahani, mzee. Nimetumwa tu."

"Wana haki," alisema Taratibu bila kuinua kichwa. "Mwandike mke wangu. Mimi koki ile siigusi tena maisha yangu yote. Hata mkinilipa. Nikipita hapo nitapita na mikono mfukoni."

Mke wake alimtazama pale alipopiga magoti, vibanio vimepangwa mbele yake kwa rangi, na alimpenda sana, na alimkasirikia kidogo bado.

"Mwandike yeye," alisema.

"Mama, nimekueleza walivyosema."

"Nimekusikia. Na wewe si umemsikia yeye? Zunguka mji huu wote, uingie kila nyumba, uniletee mtu mwingine mwenye uhakika namna hiyo kwamba hataifunga."

Fundi akamtazama Taratibu, akamtazama Bibi, kisha akatoa simu na kutoka nje. Walimsikia akieleza, akirudia, akisema, "Ndiyo, huyo huyo," na "Hapana, mkewe ndiye aliyesema," huku dobi ameishika kanga yake kwa mikono miwili. Bibi alikuwa ameegemea ukuta, macho kwa mwanawe.

Fundi alirudi, akachuchumaa mbele ya Taratibu, akaiweka ile karatasi juu ya goti lake na kuchomoa kalamu.

"Mkuu anasema sawa," alisema. "Jina kamili, mzee. Yote matatu."

Taratibu alifuta mikono kwenye suruali, akainuka, akasimama wima mbele ya mama yake na mke wake. Kisha akalitaja jina lake, na la baba yake, na la babu yake, polepole, akisubiri kila moja liishe kuandikwa, lisije likakosewa.